Majira ya joto chomboni: kazi iko kwenye maji ya ndani

Watu wakisikia kwamba majira ya joto ya 2023 niliyamaliza nikiishi kwenye boti, swali la kwanza huwa ni mawimbi. Hukutapika? Hukuogopa usiku? Nawajibu kwamba mawimbi hayakuwamo. Marina ni bandari ya vyombo vidogo, imekingwa kwa ukuta au imejificha ndani ya hori, na boti zimefungwa kwenye magati ya kuelea ubavu kwa ubavu. Humo ndani unaweza kuweka kikombe cha chai mezani ukaenda zako, ukarudi ukakikuta pale pale. Kilichonishughulisha si bahari. Ni maji ya ndani: ya kunywa, ya mvua, ya mvuke, ya chooni, na yale yanayotuama ngamani, chini kabisa ya chombo, bila kukuambia yametoka wapi.

Marina yenyewe iko Gosport, kusini mwa Uingereza, ng'ambo ya Portsmouth. Miji hiyo inatazamana, katikati kuna mlango wa bandari mwembamba, na feri ya abiria inavuka kwa dakika chache tu. Mimi kazi yangu ni uuguzi, upande wa Portsmouth. Mwezi wa tano mwenye nyumba aliuza nyumba niliyopanga, na chumba nilichopata kilikuwa hakiachwi wazi mpaka Septemba. Mwenzangu wa kazini, mama mtu mzima, alikuwa anakwenda New Zealand kulea mjukuu. Akaniambia boti yake imelala tu. Nikakae, nilipe umeme, nimwangalizie.

Kabla sijabeba hata begi tulikwenda ofisini kuomba ruhusa kwa maandishi, na nashauri kila mtu aanzie hapo. Mikataba mingi ya marina za Uingereza inakuruhusu kulala chomboni, ila hairuhusu upafanye makazi ya kudumu, wala hupewi anwani ya kupokelea barua. Barua zangu za benki na za daktari zilikwenda kwa rafiki. Anayetaka kuishi mwaka mzima lazima atafute sehemu yenye kibali cha makazi, na hizo ni chache. Ada nayo inahesabiwa kwa mita: urefu wa chombo ndio bei yako. Ajabu ni kwamba chombo chenyewe hakidai karatasi yoyote. Kwa boti binafsi ya starehe baharini, Uingereza haikulazimishi kuwa na leseni ya unahodha. Kinachotaka cheti ni redio ya VHF, ile ya kuongea na vyombo vingine. Yaani ruhusa ya kuongea ni ngumu kuliko ruhusa ya kusafiri.

Boti ilikuwa ya tanga, futi 26, haifiki mita nane, ya faiba, imeundwa miaka ya 1970. Ina mikuku miwili, yale mapezi ya chini ya chombo, huu kulia na huu kushoto. Kwetu Pangani jahazi likipwelewa hutiwa magadi, yaani nguzo za kuliegemeza, ubavuni lisilale; hii inasimama yenyewe kwenye tope kwa miguu yake miwili. Ndani, ukianzia omo, yaani mbele, kuna kitanda cha pembe tatu, kisha choo kinachotazamana na kabati, kisha meza ikiwa katikati ya viti viwili, jiko la plati mbili, na ngazi ya kutokea tezi, yaani nyuma. Chini ya ngazi ndipo ilipo injini. Mtu wa futi sita akivaa kofia inagusa dari. Nyumba yote naipita kwa hatua sita, na hatua moja ni ya kuruka begi.

Juni ilinidanganya. Mwaka ule Juni ilikuwa ndiyo yenye joto kuliko Juni zote zilizokuwa zimepimwa Uingereza mpaka wakati huo. Ngama ilikuwa kavu, nguo zinakauka kwenye waya za pembeni kwa nusu saa, na mimi nikimaliza zamu ya usiku nalala mchana na kidirisha cha juu wazi. Shida ilikuwa mwanga. Magharibi ilikuwa ikiingia saa tatu na dakika ishirini hivi usiku, na Isha na Alfajiri zinakaribiana kiasi kwamba ukilala katikati yake unaamka umechoka zaidi. Kibla nilikipata upesi, kusini mashariki, na kwa kuwa chombo kimefungwa pande zote hakikubadilika. Nafasi ya kusujudu ndiyo iliyonibidi nikunje meza kila mara.

Kisha ikaja Julai. Watu wa hali ya hewa waliiandika miongoni mwa Julai zenye mvua nyingi kupata kutokea nchini humo, nami nawaamini, maana nilikuwa chini yake na dari la unene wa kidole. Siku moja natoka kazini, nafungua ubao wa sakafu kama nilivyoelekezwa kufanya kila siku, nakuta maji. Si mengi, yanafunika kucha. Lakini jana hayakuwapo.

Jirani yangu wa kushoto alikuwa mzee mwenye boti ya mbao, mtu wa maneno machache. Nikamwita. Alipiga magoti, akatazama, akaniuliza, "Umeonja?"

Nikadhani ni utani. Akachovya kidole, akakiweka ulimini, akatema mate nje ya boti. "Tamu," akasema, na uso wake ukakunjuka. Maji ya ngamani huonjwa. Yakiwa ya chumvi, bahari inaingia: angalia koki za chini, angalia mhimili wa pangaboi, lile feni linalosukuma chombo, angalia kiungo cha mkuku, na usilale. Yakiwa matamu, ama tangi lako la kunywa linavuja ama mvua imepata mlango. Tangi tukalijua kwa kuzima pampu na kupima kina asubuhi na jioni, halikupungua. Basi ni mvua.

Kujua kwamba ni mvua hakukusaidii kitu, kwa sababu boti ya faiba ina ganda la nje na ganda la ndani. Maji yakipenya omo yanateleza katikati ya maganda hayo na kutokea popote yapendapo, hata jikoni. Mzee akanipa dawa ambayo sikuitarajia baharini: poda ya mtoto. Nilipaka poda kavu ndani ya makabati, chini ya kila skrubu iliyotoboa sitaha, nikasubiri mvua, na Julai ile kuisubiri si kazi. Asubuhi nilitambaa na tochi. Kwenye kabati la kushoto, juu ya sahani, poda nyeupe ilikuwa imechorwa mstari mmoja mwembamba wa kijivu, na juu ya mstari ilining'inia nati yenye tone. Ilikuwa nati ya nguzo mojawapo ya zile ndogo za pembeni, zinazoshika waya wa kuzuia mtu asianguke.

Kila mtu anayepanda boti hushika nguzo hizo. Miaka hamsini ya mikono imezivuta, na gundi iliyokuwa chini yake imekufa. Kuitengeneza kunataka watu wawili: mmoja juu na bisibisi, mwingine ndani kashika nati kwa spana, kichwa kabatini, miguu hewani. Mimi ndiye niliyekuwa kabatini. Tulifungua skrubu nne, tukakwangua gundi kuukuu mpaka faiba ikawa safi, tukapanua mdomo wa kila tundu kidogo ili gundi mpya ipate pa kukaa, tukazungusha utepe wa butili, laini na wenye kunata, tukakaza taratibu. Ukikaza kwa pupa unaikamua yote ikatoka. Mvua iliyofuata poda ilibaki nyeupe.

Mafundi wa kwetu hukalafati kwa pamba, wakapaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, chini, na sifa, mafuta ya papa, juu, na harufu ya sifa haimwachi mtu mjinga kwamba yuko chomboni. Butili haina harufu. Vinginevyo kazi ni ile ile, na mtu mwenye kulala ndani ndiye anayejua pa kuifanya.

Maji mengine ndiye wewe mwenyewe unayeyatia. Unapumua, unapika, unakausha taulo, na yote yanapanda dari baridi na kurudi kama matone juu ya shuka. Nilijifunza kupika na mfuniko tu, kidirisha kikiwa kimefunguliwa japo kuna mvua. Wali wa nazi ya kopo uliwezekana. Ugali ulihitaji mtu wa pili kushika sufuria, kwa hiyo nilipika unga kidogo wa kumtosha mtu mmoja asiye na njaa kubwa. Chini ya godoro niliweka chaga za plastiki hewa ipite. Bila hivyo ndani ya wiki linaota ukungu upande wa chini nawe hujui.

Gesi inataka adabu yake. Ni nzito kuliko hewa. Ikivuja nyumbani unafungua dirisha. Ikivuja chomboni inazama ngamani na kukaa huko ikingoja cheche. Ndiyo maana mtungi hukaa kwenye kijisanduku chake ndani ya feuli, yaani stoo ya tezi, chenye tundu la kutolea gesi baharini, na ukimaliza kupika unafunga kwenye mtungi, si kwenye jiko tu. Kifaa cha kutambua gesi na kingine cha kutambua hewa ya kaboni monoksidi vinalia kwa sauti ya kuudhi hata betri inapopungua. Nilivipenda vyote viwili.

Umeme wa gati ni ampea 16. Maana yake ni kwamba birika na hita haviwezi kuwaka pamoja. Swichi inaruka, na swichi iko nje kwenye mvua. Jambo lenye siri zaidi ni zinki. Chini ya boti nyingi kuna kipande cha zinki kilichowekwa makusudi kiliwe na bahari badala ya pangaboi na mhimili wake. Ukichomeka umeme wa gati, waya wa ardhi unaunganisha metali za boti yako na za jirani zako wote waliochomeka, na maji ya chumvi yanakamilisha mzunguko. Zinki yako inaanza kulinda vyombo vya wenzio. Kuna kifaa cha kuzuia hilo, na mwenye boti yangu alikuwa amekifunga. Jirani mwingine, ambaye hakuwa nacho, alinionyesha zinki yake baada ya msimu mmoja: ilikuwa imebaki kama biskuti iliyotafunwa.

Choo nitakisema kwa ufupi. Kipo, kinafanya kazi, na ndani ya marina hukitumii kumwaga majini, kwa sababu majirani wako wanaishi katika maji hayo hayo. Unatumia vyoo vya nchi kavu. Saa nane usiku, mvua inanyesha, unavaa koti, unashika funguo, unatembea gati lote, unapanda daraja. Baada ya wiki mbili nilikuwa sinywi chai baada ya Magharibi.

Na daraja hilo lina tabia zake. Gati linaelea, ukuta hauelei. Portsmouth wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji hupanda na kushuka karibu mita nne. Wakati wa maji mafu hayafiki hata mbili. Kwa hiyo njia ya kutoka chomboni maji yakijaa ni tambarare, na maji yakipwa bamvua ni mteremko unaoshuka ukiwa umeshika reli. Kusukuma toroli yenye mtungi wa gesi na madumu ya maji huna budi kutazama ratiba. Nilikuwa nimebandika karatasi mbili ukutani, zamu zangu za hospitali na jedwali la maji, na sokoni nilikwenda pale zilipokubaliana. Sisi wa pwani tumezoea kugawa kujaa na kupwa kwa saa sita sita. Hapo siyo. Maji huchukua takriban saa saba kujaa, kwa kusitasita, kisha yanapwa kwa saa tano tu, na kwenye mlango mwembamba wa bandari yanatoka kwa nguvu. Ndiyo maana boti ndogo zina njia yake upande wa Gosport na zinatakiwa ziwe na injini inayofanya kazi, achilia mbali kwamba meli ya kubeba ndege za kivita, yenye urefu wa mita 280, hupita hapo hapo. Siku ikipita watu wote hutoka ndani, vikombe mkononi, wale waliosema hawapendi vita wakiwa mbele.

Majirani nao. Pale hakuna ajuaye jina lako. Unaitwa kwa jina la boti. Hakuna akanyagaye sitaha yako bila kupiga hodi, na hodi hupigwa kwa kugonga ubavu au kuita kutoka gatini. Boti ikiingia, yeyote aliye karibu anasimama kupokea kamba, hata kama chakula chake kinaungua. Ukikaa nje na kikombe jioni, kufika Magharibi umeshapewa ushauri wa injini na watu watatu wasiokubaliana. Kosa lisilosameheka ni henza. Upepo ukivuma usiku, kamba ya kupandishia tanga ikiwa haijavutwa mbali na mlingoti, inapiga aluminiamu ta-ta-ta mpaka asubuhi, na gati zima halilali. Niliona mtu na nguo za kulala akienda kufunga henza ya boti isiyo na mwenyewe, akitukana kwa adabu.

Chini ya boti walikaa mkizi, wakubwa, wa kijivu, wakifyonza ute wa kijani kwenye faiba, na hakuna anayewavua. Nilimwambia mama kwa simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bado unalala chomboni?"

"Bado. Leo nimeona mkizi hapa, mama, wananenepa tu, hakuna anayewagusa."

"Hakuna anayewagusa," akarudia, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Kisha: "Na hicho chombo, unalipa?"

"Nalipa umeme. Mwenyewe analipa gati."

"Baba yako mkubwa alilala chomboni miaka thelathini," akasema, "lakini yeye alikuwa akilipwa."

Jumamosi ya tarehe 5 Agosti ilikuja dhoruba waliyoipa jina Antoni, upepo wa kusi-magharibi usio wa kawaida kwa Agosti. Siku moja kabla yake gati lilichangamka. Tulikunja hema la tezi, tukaongeza kamba za pili, tukafunga vitambaa pale kamba inaposuguana na chuma, tukashusha maboya ya ubavuni yakae mahali pake. Mimi sikuwa zamuni, nikabaki. Boti ililalia kamba zake, ikavuta, ikarudi, na milingoti yote ikawa inaunguruma kwa sauti moja nzito ambayo unaisikia kifuani. Hofu yangu ilikuwa juu ya boti yangu, kumbe hatari ilikuwa kwa jirani wa mbele, ambaye hakuwepo. Tanga lake la omo, lile linalozungushwa kwenye waya, lilianza kufunguka juu. Likapata upepo mkono mmoja, likapasua kamba yake, likaanza kupiga kama bunduki na kuisukuma boti nzima juu ya gati. Tulikuwa watatu: mzee, kijana mmoja wa boti ya injini, na mimi. Kulikamata haiwezekani, ukilishika linakuvunja vidole. Mzee alichukua henza isiyotumika, tukaizungusha omo kwa zamu, tukimpokeza mwenzetu mwisho wa kamba kila inapopita, mara nane au tisa, tukikaza kuanzia chini kwenda juu, mpaka tanga likabanwa na waya wake likanyamaza. Mwenye boti alikuja siku iliyofuata akalipa chai ya wote. Kamba yake ya tanga ilikuwa ya siku nyingi, imeoza kwa jua. Tangu hapo kila nikipita gatini naangalia kamba za watu.

Nilihama wiki ya kwanza ya Septemba, na ilikuwa ile wiki ambayo Uingereza ilipata siku saba mfululizo zenye joto la zaidi ya nyuzi 30, jambo ambalo halikuwahi kutokea mwezi huo. Ndani ya faiba hapakukalika. Nilibeba makasha yangu maji yalipojaa, daraja likiwa tambarare.

Kuna wanaonijia wakitaka kununua boti zao waachane na kodi. Nawauliza: ofisi ya marina imekuruhusu kwa maandishi? Umeilipia bima? Umepeleka mkaguzi wako, si wa muuzaji? Umeiona ndani siku ya mvua? Na baridi ikija, umeme wa kukausha hewa na kupasha joto utatoka wapi, maana dari lile lile lililonidondoshea Julai litakudondoshea Januari mara tano? Mimi majira ya joto ningeyarudia kesho. Majira ya baridi sitaki kuyasikia, na hao wanaoyaweza, akiwemo mzee wa boti ya mbao, wana jiko la dizeli na miaka mingi ya kujua kila skrubu ilipo.

Mama alipiga simu siku ya pili baada ya kuhama, kutaka kujua chumba kipya kina nini. Nikamwambia kina bomba lisiloishiwa maji, choo ndani, na meza isiyokunjwa wakati wa kusali.

"Basi hapo," akasema, "hata ukilipa naelewa."